Familia Msituni: Siku Moja Karura

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na wageni waalikwa, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie matembezi ya familia msituni, nami nimeuchagua Msitu wa Karura, ulio kaskazini mwa jiji la Nairobi, kwa sababu miaka thelathini iliyopita mzazi aliyesema anawapeleka wanawe huko kupumzika angedhaniwa amerukwa na akili. Karura ilijulikana kuwa maficho ya majambazi. Hoja yangu ni kwamba usalama uliwaleta watu msituni, kisha watu hao hao wakaudumisha usalama wenyewe.

Karura, yenye zaidi ya hekta 1,000, ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi, miti ikaanza kukatwa, na mnamo Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake waliofika kupanda miche walishambuliwa na genge la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Kisa hicho tunakisimulia sana, na tunastahili kukisimulia. Lakini kuwekwa kwa uzio wa umeme, kuajiriwa kwa vijana wa kijiji jirani cha Huruma kuwa walinzi, na kufunguliwa kwa msitu kwa umma mwaka 2011, ni mambo ambayo kwangu yana uzito huo huo, ijapokuwa hayana shujaa mmoja wa kutajwa.

Tuje kwenye siku yenyewe. Baiskeli hukodishwa msituni, na wazazi wengi huanzia hapo. Mimi huwashauri waanze kwa miguu, maana mtoto aliye juu ya baiskeli huuona msitu kama barabara tu. Njia moja hushuka hadi mtoni, kwenye maporomoko ya maji, na si mbali na hapo yako mapango yanayosimuliwa kuwa yaliwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau. Binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, hakuyajali maporomoko. Aliingia pangoni, akapapasa ukuta wenye unyevu, akauliza walipikia wapi na moshi ulitokea wapi bila kuwafichua. Nafundisha historia, na swali hilo sijawahi kuulizwa darasani.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa aibu. Tulitandika leso, nikageuka kumimina chai, na kima akaondoka na chapati mbili, akazila juu ya mti huku akitutazama. Maji nayo yabebwe katika chupa za kudumu, kwa kuwa chupa za plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika hifadhi zetu tangu Juni 2020.

Siku hiyo tulikuwa na mama yangu, ambaye tulipokuwa wadogo alitukataza hata kupita kando ya Karura. Alitembea katikati yetu, akigeuka nyuma kila jani lilipotikisika. Ilipofika saa tisa alasiri, akina mama wawili walipita peke yao, wakicheka, mmoja akisukuma kigari cha mtoto. Mama aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea kwenye kona, ndipo akauweka chini mkoba aliokuwa ameubana kwapani tangu langoni.