Dada, Unasoma Saa Ngapi na Zamu Zote Hizo?

Mbukwenyi watu wa Dodoma, na wengine wote hamjambo. Wakubwa zangu shikamooni. Nimetoka zamu ya usiku ya uuguzi huku Uingereza, nimelala kidogo, nikasema nirekodi kabla sijaingia jikoni, maana swali hili nikiliahirisha tena mtaanza kusema naringa.

Kila nikiweka video, hata iwe ya kupika mlenda, mtu anaandika: "Dada, ulisoma kozi gani mpaka ukapandishwa kazini?" Mwingine: "Sista, nitumie jina la chuo." Mwingine anauliza nasoma saa ngapi na zamu zote hizi. Na juzi mmoja kaandika kwa uchungu kabisa: mnaficha siri, mkishafika huko hamtaki wengine wafike. Hilo limeniuma.

Hakuna kozi. Katikati ya Band 5 niliyoanzia na Band 6 niliyo nayo sasa, ambayo ni madaraja ya mishahara ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, hakuna chuo nilichoingia. Nilichofanya ni kusoma kidogo kila siku, nusu saa, siku nyingine chini ya hapo. Nasoma kitu kinachomhusu mgonjwa niliyemhudumia siku hiyo, na ninakiandika. Najua linasikika kama jibu la kukwepa, ndiyo maana nataka nilieleze lote pamoja na hela zilizoliwa. Sijaja kujisifu, Band 6 wapo wengi. Wala sijaja kuilalamikia Uingereza, imenilisha mimi na imewalisha wangu. Mshahara sitautaja. Mama yangu ana maoni yake kuhusu hilo na ninayaheshimu.

Nianze na hela, maana najua ndipo mnapopasubiri. Kuja kusajiliwa hapa kama muuguzi ulikuwa mtihani juu ya mtihani. IELTS, mtihani wa Kiingereza, walitaka 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika, na matokeo yake yanaisha muda baada ya miaka 2. Mtihani wa kompyuta wa baraza lao la wauguzi na wakunga, NMC, wakati wangu ulikuwa pauni 83. Ule wa vitendo, OSCE, pauni 794. Piga hesabu wewe mwenyewe, ni zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mtihani mmoja, na bado hujalipia maombi wala usajili. Wengine waajiri wao huwalipia, wengine hulipiwa halafu wanakatwa wakiondoka mapema. Soma mkataba wako.

Sasa sikiliza. Fomu yangu ya uthibitisho kutoka nyumbani ilikaa kwenye meza ya ofisi moja, sitaitaja, wiki baada ya wiki. Nikienda, naambiwa mwenye mhuri yuko semina. Narudi, yuko semina. IELTS yangu inahesabu siku, mwenye mhuri yuko semina. Niliwahi kukaa kwenye benchi la korido ile mpaka mfagiaji akanifahamu kwa jina.

Na hapa kwenye semina naomba nikae kidogo, hata kama nitatukanwa.

Sisi wa Dodoma tumeiona semina kwa karibu kuliko wengi. Tangu Serikali ilipohamia, na mji ukatangazwa jiji mwaka 2018, kumbi hazikauki watu. Mfuko wenye nembo, kalamu, maji ya chupa, chai ya saa nne, na kusaini karatasi ya posho. Posho ni haki ya mtu, mishahara tunaijua, na kuna mtu analipia karo ya mtoto kwa posho hiyo, simsemi vibaya hata kidogo. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuamini kujifunza kunakuja kwa barua. Barua ikija, unajifunza. Isipokuja, unasubiri ya mwaka kesho. Na barua haiji kwako, inapitia kwa mtu.

Hospitali niliyokuwa nyumbani, wala sitaitaja, ilikuja nafasi ya mafunzo ya wagonjwa mahututi. Jina langu lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu kwenye karatasi. Ilipofika siku ya kuondoka, jina lililoitwa ni la mtu ambaye hata wodini hafanyi kazi. Nikauliza, nikaambiwa, "Binti, ya kwako inakuja." Haikuja. Bado linaniuma hadi leo, na ninalisema ili muelewe kwa nini niliamua kwamba kujifunza kwangu hakutangoja tena sahihi ya mtu.

Huku nako msidhani kuna malaika. Niliomba ruhusa ya masomo siku chache tu, mkuu wa wodi mmoja akaniambia zamu hazina watu, nijaribu baadaye. Baadaye ikawa vile vile. Basi nikarudi kwenye kaunta buku.

Hii hapa, muione. Ni kaunta buku ya kawaida, kwaya mbili, kama zile tulizoandikia shule. Rafiki alinibebea kutoka Soko la Majengo kwa sababu nilimwomba. Huku madaftari yapo, hii nimeizoea. Kila zamu ina ukurasa wake. Juu naandika swali moja tu lililonikwaza siku hiyo, chini majibu, na mwisho kabisa naandika nitakalofanya kesho. Naandika kwa Kiswahili. Nikiweza kumweleza mama yangu kwenye simu, nimeelewa.

Nawasomea ukurasa mmoja, jina la mgonjwa halimo, na ninyi wauguzi mnajua kwa nini halimo.

Mzee mwenye COPD, mapafu yamechoka kwa miaka mingi. Kiwango cha oksijeni kwenye damu kinasoma 90. Mwanafunzi aliyekuwa nami anataka kufungua oksijeni zaidi ifike 98. Daktari akasema acha, huyu lengo lake ni 88 mpaka 92. Akaondoka. Swali langu pale juu: "Kwa nini 88 mpaka 92?" Nilikuwa naijua namba, sababu yake sikuweza kumweleza yule mwanafunzi vizuri, na alikuwa ananiangalia usoni anasubiri.

Kwenye basi nikasoma. Baadhi ya wagonjwa wa aina hii wakipewa oksijeni nyingi kuliko wanayohitaji, kaboni dayoksaidi inabaki kwenye damu, inapanda, mgonjwa anaanza kusinzia, na anaweza kuishia pabaya huku kipimo cha kidoleni kinaonyesha namba nzuri. Ndiyo maana chati ya NEWS2, ile tunayojumlishia alama za mgonjwa, ina skeli mbili za oksijeni, na ya pili ni ya watu kama huyu mzee ambao daktari amethibitisha lengo lao ni hilo. Ukitumia skeli ya kwanza, mgonjwa aliyetulia anahesabiwa alama za bure, na alama zikifika 5 daktari anaitwa haraka, zikifika 7 ni dharura. Kinyume chake nacho kipo. Ukimpandisha mpaka 98, skeli ya kwanza inakwambia mambo safi, wakati ile ya pili ingekupigia kelele.

Chini nikaandika: "Kesho, angalia chati za wote wenye COPD." Kesho yake nikaangalia, nikakuta mmoja amewekwa kwenye skeli ya kwanza na lengo lake lilishaandikwa na daktari. Nikamwonyesha aliyekuwa anaongoza zamu, daktari akaitwa, ikarekebishwa. Kazi ya dakika kumi.

Nafasi ya Band 6 ilipotangazwa nikaomba, kwa sababu huku hupandi kwa kukaa muda mrefu, unaomba na unahojiwa na watu wengine wanaoitaka nafasi hiyo hiyo. Kwenye usaili wakaniuliza: tupe mfano wa kitu ulichojifunza kikabadilisha huduma kwenye wodi yako. Niliwaeleza huyu mzee, skeli mbili, na jinsi tulivyoanza kuzikagua chati hizo wakati wa kukabidhiana zamu. Aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini, akaniuliza maswali mengine mawili juu ya hapo, na nilikuwa na majibu kwa sababu niliyaandika kwa mkono wangu. Waliokuwa na vyeti kunizidi walikuwepo, nawafahamu, na ni wauguzi wazuri.

Mtu atasema, lakini huko mnalazimishwa kisheria. Kweli, NMC inataka kila miaka 3 uhuishe usajili wako: saa 450 za kazi, saa 35 za kujifunza, na kati ya hizo 20 ziwe za kujifunza pamoja na wenzako, maoni 5 kuhusu kazi yako, na maandishi 5 ya tafakari. Sasa zigawe hizo saa 35 kwa wiki za miaka 3. Haifiki robo saa kwa wiki! Sheria ingekuwa inapandisha watu, sote tungekuwa wakuu wa wodi. Na nyumbani Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo linadai pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, unapohuisha leseni, mnajua wenyewe mwezi wa mwisho watu wanavyokimbizana kuzitafuta. Anayeandika kila siku hakimbizani. Hata PEPMIS yako, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, utaijaza ukiwa na kitu cha kujaza.

Kwenye muda ndipo kuna ugomvi na ndugu. Zamu yangu moja ina urefu wa saa 12 na nusu. Kuna ndugu yangu aliniambia waziwazi: badala ya kusomasoma, chukua zamu ya ziada utume ada ya mtoto. Nimetuma ada, Mungu anajua, na nimechukua zamu hizo mpaka miguu ikavimba. Lakini nusu saa yangu ya kaunta buku nilikataa kuiuza, na kwa hilo kuna simu ambazo hazipokelewi mpaka leo. Sitaki huruma. Nasema tu kwamba ukianza kujitengea muda, wa kwanza kukuuliza unaringia nini anaweza kuwa mtu wa nyumbani kwako, ujiandae.

Mimi nasoma kwenye basi nikirudi, kabla sijafungua WhatsApp. Nikifika nyumbani nikavua viatu, imeisha, sisomi tena, nimejaribu na mwili umekataa. Mwenzangu anasoma alfajiri. Wewe mwenye watoto wachanga au unayeuguza mzazi, huenda ni dakika tano jikoni, au isiwe mwaka huu kabisa. Hili ni langu mimi, lilivyonikaa mimi, usije ukaniandikia kwamba nimekulaumu.

Na bando ni bei, nalijua. Ndiyo maana nasema usianze na video, hata za kwangu. Kwa muuguzi aliye Tanzania, mwongozo wa matibabu wa taifa, STG, upo wa PDF, unaupakua mara moja ukiwa mahali penye Wi-Fi, unakaa kwenye simu bila kula bando tena. Tafuta ugonjwa unaouona zaidi kwenye zamu yako, soma ukurasa huo tu. Maktaba ya mkoa ipo hapo mjini, ina meza na utulivu. Anayetaka Kiingereza au masomo ya jumla, OpenLearn, tovuti ya masomo ya chuo cha huku kiitwacho The Open University, ni bure.

Wasio wauguzi mnaniuliza pia, nami sitajifanya najua kazi zenu. Naweza kusema nilichokiona. Mdogo wangu ni mhasibu huko Mtumba, kwenye mji wa Serikali, anajiandaa na CPA, cheti cha juu cha uhasibu, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba. Alikuwa anasubiri mwezi mmoja kabla ndipo ajifungie ndani. Siku hizi anafanya swali moja la mtihani uliopita kila asubuhi kwenye daladala ya kutoka Nzuguni, kwa kalamu, kabla hajafika ofisini. Matokeo yatakuja kwa wakati wake, siyatangulii. Na fundi uliyejifunzia mtaani pale Nkuhungu, unajua kazi lakini huna karatasi, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu kama wewe. Nenda ukaulize mwenyewe dirishani, usimtume mtu.

La mwisho, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Kuna watu wananitumia meseji kwamba wakala fulani anawaomba hela ili awapatie nafasi ya Band 6 moja kwa moja, eti na cheti cha kozi ya wiki mbili. Band 6 haiuzwi. Nafasi zinatangazwa wazi kwenye tovuti ya NHS Jobs, unajisajili mwenyewe na kuomba ni bure. Ukikuta mtu anakuuzia fomu ya kitu cha bure, usimpe hata mia. Walioshalipa, niandikieni inboksi mnitumie picha ya risiti na namba aliyowapa, jina lako sitalitaja, nitaeleza kwenye video ijayo namna ya kuripoti. Mimi nakwenda kusonga ugali. Kwaherini.