Maumivu Yanafanyaje?

Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu. Wengi mliokaa humu ndani nimewafundisha Kiswahili, hapa hapa Tanga, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianzia kwenye vitenzi.

Tumbo husokota. Tumbo hukata. Kichwa huwanga. Jipu hupwita. Kidonda ukikitia ndimu huchonyota. Msuli huvuta, mguu hufa ganzi, ubavu huchoma mpaka tukapata jina kichomi. Lugha yetu haina njaa ya maneno haya. Lakini mtu akifika mbele ya daktari, akaulizwa ana shida gani, anatoa neno moja tu: "Naumwa." Mimi, mwalimu wa lugha, nilikaa na neno hilo moja miezi kumi na minne, na muda wote huo nikatibiwa maumivu ambayo sikuwa nayo.

Nilikuwa na miaka sitini na tatu. Chini ya titi la kushoto ngozi ilianza kuwaka, siku ya tatu yakatoka malengelenge, yakajipanga mstari kutoka kifuani kuzunguka mpaka mgongoni. Majirani walilijua jina kabla ya daktari: mkanda wa jeshi. Wakaniambia mambo mawili. La kwanza, ncha za mkanda zikikutana nitakufa. La pili hawakuniambia mimi, waliambiana wao kwa wao, kwamba mwalimu ana Ukimwi.

Hilo la pili nataka nilisemee, kwa maana lilinifungia ndani majuma mawili. Nilipima, sina. Na kama ningekuwa nao, ningestahili tiba ile ile na heshima ile ile. Ni kweli kinga ya mwili ikishuka mkanda hupata nafasi, na VVU ni sababu mojawapo ya kinga kushuka. Uzee nao ni sababu. Kirusi chenyewe ni kile cha tetekuwanga. Ukipona tetekuwanga utotoni hakiondoki, hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, kikalala hata miaka hamsini. Kikiamka, hufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Kila mshipa una eneo lake upande wake wa mwili, ndiyo maana mkanda hushika upande mmoja na kwa kawaida hukomea katikati. Habari ya ncha kukutana na kifo iacheni.

Dawa ya kukipunguza nguvu kirusi ipo, inaitwa asaiklovia, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Mimi siku hizo nilizimalizia chumbani, nikipakwa majani na kuwaogopa watu.

Vidonda vilikauka mwezi haukuisha. Maumivu yakabaki.

Wanawake wenzangu mtanielewa nikisema sikuweza kufunga kanga. Kitambaa chepesi vile, kikigusa ubavu, ni kama nimemwagiwa chai ya moto. Feni sikuiwasha, upepo wake uliniumiza. Nililala nimeketi. Mjukuu wangu alikuwa na mwaka mmoja, akija kunikumbatia nilimsukuma, na uso wake siku ile ninao mpaka leo.

Nikaanza kuzunguka. Kituo cha kwanza, Panadol. Cha pili, picha ya kifua na kipimo cha moyo, vyote safi. Cha tatu, sindano za diklofenaki, tano, kisha tano tena, kisha nikawa najinunulia vidonge mwenyewe duka la dawa, asubuhi na jioni, miezi minne. Hazikunitoa maumivu hata robo, ila siku moja nilipata choo cheusi kama lami, nikalazwa kwa vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja damu. Wenye kumeza dawa hizo kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti, nawaomba mzungumze na daktari. Zinachubua tumbo, na figo nazo zinaumia kimya kimya, hasa kwetu wazee na wenye presha.

Lakini kilichonikata maini kuliko sindano zote ni maneno ya mtaalamu mmoja, aliyeshika picha yangu kwenye mwanga akasema, "Mama, huna kitu." Huna kitu! Nilitoka pale nikaanza kujishuku. Nyumbani wakaanza kunishuku. Mmoja akataja majini, mwingine akasema nadeka tangu nistaafu. Ndugu zangu, picha huonyesha mfupa na pafu. Mshipa wa fahamu unaowaka moto hauonekani kwenye picha ya kifua. Mgonjwa aliyeambiwa hana kitu hurudi nyumbani na maumivu yale yale, akiwa peke yake zaidi.

Aliyenifungulia mlango alikuwa tabibu kijana, umri wa watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza. Nikamwambia naumwa ubavu. Akauliza, "Maumivu yanafanyaje, bibi?" Hakuuliza wapi, wala tangu lini. Yanafanyaje. Swali la kitenzi. Nikafunguka: yanawaka, hayapwiti, mara hupita kama shoti ya umeme, nguo ikinigusa naungua, na katikati ya eneo hilo hilo pana kipande kimekufa ganzi. Akachukua pamba, akanipitishia ubavu wa kulia, sikuhisi maumivu yoyote. Akapitisha wa kushoto, nikapiga kelele. Akasema, "Kidonda kilipona, bibi. Kilichoumia sasa ni waya wenyewe."

Baadaye nilijifunza kwamba kule Kanada, Chuo Kikuu cha McGill, alikuwapo mwanasaikolojia Ronald Melzack aliyekusanya maneno ambayo wagonjwa wanayatumia kuelezea maumivu yao. Mwaka 1975 akatoa fomu ya maneno 78 katika makundi 20, inatumika hadi sasa. Aligundua kwamba maneno ya mgonjwa ni kipimo. Niliposoma hayo nililia, nikifikiria kamusi yetu ilivyojaa na sisi tunakwenda hospitali mikono mitupu.

Maana tofauti ya kitenzi ni tofauti ya dawa. Goti lililovimba na kupwita linaweza kusikia diklofenaki. Mshipa wa fahamu ulioungua hupeleka habari ya moto hata pasipo moto, na uti wa mgongo nao huikuza ile habari. Hapo Panadol na diklofenaki hazina la kufanya. Mimi niliandikiwa amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25, usiku tu.

Dukani binti akakiangalia cheti akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Hii ya wagonjwa wa akili." Nikaitia kabatini majuma matatu. Natamani mtu angenieleza mapema: ndiyo, ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, lakini kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu iliyoharibika, na imetumika hivyo miaka mingi. Nilipoianza, juma la kwanza nilipata mdomo mkavu na usingizi wa asubuhi, nafuu sikuiona. Juma la nne nikalala usiku mzima. Dozi ikapandishwa taratibu. Si ya kila mtu: wenye matatizo ya moyo, ya tezi dume, ya presha ya macho, lazima daktari ajue kwanza, na mzee akiamka usiku aketi kidogo asije akaanguka. Wengine haiwasaidii kabisa, wakapewa gabapentini, ambayo ilianza kama dawa ya kifafa. Iko hata dawa ya kupaka iliyotokana na ukali wa pilipili. Msiende kujipaka pilipili ya jikoni.

Nilinunua daftari la mia tano. Kila jioni niliandika kitenzi cha siku, namba kutoka sifuri hadi kumi, na jambo moja nililoweza kufanya. Tabibu alilisoma daftari kuliko alivyosoma vipimo. Mwanzo ni tisa, tisa, tisa, "yanawaka, sikutoka." Mwezi wa tano ni nne, "yananyonyota kidogo, nimekwenda sokoni." Sifuri halikuandikwa hata mara moja, na nimeacha kulingoja. Siku za baridi bado yanapita kama umeme. Leo, hata hivyo, mnaniona nimefunga kanga.

Nilikuwa na mengi zaidi, lakini binti mmoja ameninong'oneza pale mlangoni kwamba mama yake ametokwa na malengelenge ubavuni, upande mmoja, tangu juzi usiku. Hesabu, mwanangu. Juzi usiku mpaka jioni hii, saa 72 bado hazijatimia. Mwenyekiti, niwie radhi, maswali tutayachukua Jumamosi ijayo. Kuna mwenye bajaji hapo nje?