Karata Zilezile, Meza Mbili: Kombe la Vanderbilt Tangu 1928

NEEMA: Mbukwenyi! Karibuni tena kipindini, tukiwa hapa hapa Dodoma mjini. Upepo wa leo si wa mchezo, kwa hiyo mkisikia dirisha linagonga mjue ndiyo hali ya hewa yetu. Mimi ni Neema, na niko na kaka Yohana, ambaye wiki nzima anatembea na bahasha za kaki kwenye begi.

YOHANA: Bahasha nane, dada Neema. Nimezileta, hizi hapa mezani. Lakini tuanze na kombe lenyewe kwanza.

NEEMA: Haya, kombe la mchezo wa briji. Kwa wasioujua, ni karata 52, watu wanne, wawili wawili, kila mtu 13. Kuna turufu, kama karata zetu za barazani.

YOHANA: Tofauti iko kwenye mnada. Kabla hamjacheza, mnanadi. Mimi nasema sisi wawili tutakula mizunguko 8 kati ya 13, na turufu iwe kopa. Wewe unapandisha: 9, turufu shupaza. Ni kama Msalato siku ya mnada, mbuzi anakwenda na aliyefika bei ya mwisho. Ila ukishamchukua lazima ulipe. Ukiahidi 9 ukala 8, umeanguka, na pointi zinakwenda kwa wapinzani wako.

NEEMA: Kwa hiyo ni mkataba.

YOHANA: Ni mkataba kabisa. Na aliyeuweka sawa ni Mmarekani, Harold Vanderbilt, mtu wa ukoo tajiri wa reli. Mwaka 1925, mwishoni mwa Oktoba, alikuwa melini, meli inaitwa Finland, wanapita Mfereji wa Panama. Briji ya kunadi ilikuwepo zamani, lakini ilikuwa na kasoro: ukila mizunguko mingi unahesabiwa yote, hata kama uliahidi kidogo. Hakuna aliyelazimika kuthubutu. Wafaransa walikuwa na mchezo wao ambapo kinachohesabiwa ni ulichoahidi tu. Vanderbilt akachukua wazo hilo, akaongeza zawadi kubwa kwa anayeahidi mizunguko 12 au yote 13, na akaweka hali ya kuwa hatarini: upande ambao umeshashinda sehemu moja ukianguka, adhabu yake ni nzito zaidi.

NEEMA: Na neno hilo la kuwa hatarini hakulibuni yeye.

YOHANA: Hapana. Ni binti mmoja aliyekuwa abiria humo melini. Vanderbilt mwenyewe alisimulia hivyo baadaye, lakini jina la yule binti hakulikumbuka.

NEEMA: Hilo linaniuma, kaka. Neno linatumika duniani kote mpaka leo, mwenye neno hajulikani.

YOHANA: Linauma kweli. Basi, miaka mitatu baadaye, 1928, Vanderbilt akatoa kombe lishindaniwe na timu za watu wanne. Likawa moja ya mashindano makubwa kabisa ya kitaifa ya timu kule Marekani, na linachezwa mpaka leo kwa mtoano.

NEEMA: Sasa hapo kwenye timu ndipo wengi tunapotea. Karata ni bahati. Mimi nikipewa ree tatu na wewe ukapewa makapi, nimekushinda bure. Ubingwa uko wapi?

YOHANA: Ndiyo maana nimekuja na bahasha! Sikiliza. Jumamosi iliyopita pale Majengo, nyuma ya soko, tulikaa watu 8, timu mbili. Meza mbili, moja chini ya mti, nyingine barazani kwa fundi cherehani, mbali kidogo ili msisikilizane. Tukachanganya karata, tukagawa mafungu manne, kila fungu kwenye bahasha ndogo yenye alama: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Bahasha ndogo nne zikaingia kwenye hii kubwa ya kaki, nikaandika namba. Katika mashindano ya kweli wana kibao chenye mifuko minne, lakini kazi ni ileile.

NEEMA: Na hamtupi karata katikati ya meza.

YOHANA: Hutupi. Karata unailaza mbele yako mwenyewe, mzunguko ukiisha unaifunika. Mkimaliza, kila mtu anarudisha zake 13 kwenye bahasha yake. Kisha bahasha inapelekwa meza ya pili, na kule watu wengine wanne wanacheza karata zilezile. Lakini hapa ndipo penye akili: kwenye meza yangu timu yetu ilikaa kaskazini na kusini, kwenye meza ya pili wenzetu wawili walikaa mashariki na magharibi. Kwa hiyo karata nzuri nilizoshika mimi huku, kule zilishikwa na wapinzani wetu.

NEEMA: Tueleze bahasha namba 5.

YOHANA: Namba 5! Turufu ilikuwa shupaza, na mimi na mwenzangu tulikuwa nazo tisa. Nikawa pia na ree ya uru, safi kabisa. Nikaona ree hailiwi, nikaitoa mapema. Jamaa wa kulia kwangu hakuwa na uru hata moja. Akakata kwa shupaza ndogo, ya 3. Tukala mizunguko 9. Bahasha ikaenda barazani. Kule aliyeshika karata zangu zilezile alianza kwa kuvuta turufu, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wapinzani hawana shupaza hata moja. Ndipo akaitoa ree ya uru, ikapita. Wakala 11.

NEEMA: Karata zilezile.

YOHANA: Zilezile, kila moja. Nikatembea kutoka kwenye mti mpaka barazani nikaangalia matokeo, nikasimama pale sina neno. Siwezi kumlaumu mgawaji.

NEEMA: Wazo lenyewe ni la zamani kuliko briji. Mwaka 1857 kule London walilijaribu kwenye mchezo wa wisti: wachezaji wazuri upande mmoja, wale wa kawaida upande mwingine, meza mbili, karata zilezile. Wazuri wakashinda. Na hesabu ya siku hizi nayo imesaidia. Tofauti ya pointi kati ya meza mbili inageuzwa kuwa pointi ndogo: tofauti ya 20 hadi 40 ni 1, na ya 4000 au zaidi ni 24, hazizidi hapo. Ajali moja haiui mechi nzima.

YOHANA: Turudi kwenye kombe la Vanderbilt. Mwaka 1930 lilichukuliwa na timu ya Ely Culbertson, mchezaji maarufu wa briji kule Marekani, na mmoja wa wale wanne alikuwa mkewe, Josephine Culbertson. Mwaka huohuo timu hiyo ilivuka bahari kwenda Uingereza, ikacheza migao 200 na Waingereza, ikawashinda.

NEEMA: Mwanamke meza moja na wanaume, mwaka 1930. Na 1932 Vanderbilt mwenyewe akachukua kombe alilolitoa. Alilichukua tena 1940. Lakini hapo 1932 naomba tukae, kaka Yohana, maana ndiyo sababu iliyonifanya nikubali kipindi hiki.

YOHANA: Endelea, dada.

NEEMA: Mwaka huohuo, 1932, Wamarekani weusi walianzisha chama chao cha briji, huko Buckroe Beach, jimbo la Virginia. Wengi walikuwa wachezaji wa tenisi, kwa sababu kwenye tenisi pia walikuwa na chama chao wenyewe. Milango ya mashindano ya wazungu ilikuwa imefungwa kwao. Sasa nifikirie hivi. Watu wametafuta njia ya kuondoa bahati, wametengeneza vibao, wametenga meza, ili aonekane nani anajua kucheza. Halafu kiti chenyewe wanakitoa kwa rangi ya ngozi! Mshindi wa kombe miaka ile hakuwahi kupimwa na wachezaji wote wa nchi yake.

YOHANA: Mpaka lini?

NEEMA: 1967. Huo ndio mwaka shirikisho kubwa la briji la kule Marekani liliweka kwenye kanuni zake kwamba mtu hatakataliwa uanachama kwa rangi wala dini. Mwaka wa Azimio la Arusha hapa kwetu. Miaka 35 kutoka Buckroe Beach. Na kile chama cha weusi hakikufa, kina mashindano yake ya taifa hadi sasa.

YOHANA: Vanderbilt alifariki 1970, kwa hiyo aliiona kanuni hiyo. Aliacha pia fedha ili washindi wapewe nakala ya kombe waende nayo nyumbani.

NEEMA: Bahasha ziko nane, na mlicheza sita tu?

YOHANA: Mvua iliingia. Namba 7 na 8 zimechezwa chini ya mti tu, barazani bado. Sijamwambia mtu kilichomo.

NEEMA: Usiniambie na mimi. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa barazani kwa fundi, mashariki.