Bendi ya kilodaltoni 17: kuisaka kaspesi-3 kwa kingamwili

Haya jamani, habari za mchana, nyie mliosimama mlangoni njooni huku mbele viti vipo. Leo naongelea kimeng'enya kimoja tu, kaspesi-3, na namna tunavyoisaka kwa kingamwili, maana nasoma tasnifu nyingi za masters ambazo mtu kaweka dondoo la mmea kwenye seli za saratani, kapata bendi, yaani ule mstari unaoonyesha protini ilipo, kaandika seli zimekufa kwa apoptosisi, kile kifo cha seli cha kujiua kwa mpangilio. Mimi nauliza, umejuaje hiyo bendi ni kaspesi-3 na kwamba imeamka?

Maana hii kaspesi-3 karibu kila seli yako hai inayo, sasa hivi tunavyoongea. Imelala tu, mnyororo mmoja wa asidi amino 277, kwenye jeli tunayotenganishia protini kwa ukubwa unaiona kwenye kilodaltoni 32 hadi 35 hivi, kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli. Seli ikishaamriwa kufa, ndugu zake kaspesi-8 au kaspesi-9 inakuja kuikata pale kwenye asidi aspatiki namba 175, vinatoka vipande viwili, kikubwa na kidogo, kile kikubwa mwanzoni kinakuwa na kilodaltoni 19 halafu kinapunguzwa tena kichwani kinabaki 17, kidogo ni 12, na hivyo vipande vikikaa pamoja wawili wawili ndo kaspesi-3 inaamka, inakuwa mkasi na kuanza kukata protini nyingine. Kwa hiyo ukinionyesha bendi ya 32 peke yake hujaniambia kitu kuhusu kifo.

Ndo maana nasema soma karatasi ya kingamwili kabla ya kuagiza, usiangalie bei tu. Zipo zinazoshika kaspesi-3 yote, iliyolala na iliyokatwa, na zipo zinazoshika ile iliyokatwa tu kwa sababu zimetengenezwa kwa kumchoma sungura kipande kifupi cha protini kinachoishia hapo 175, yaani zinatambua ile ncha mpya ambayo kabla ya kukatwa haikuwepo. Hiyo ya pili naipenda sana. Ila mkipata uwezo nunueni zote mbili, muone ile ya 32 ikipungua huku ya 17 ikipanda.

Sasa niwaambie kitu kilichonila wiki sita nilipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa naweka dawa, nasubiri, namwaga midia, yale maji ya kulishia seli, kwenye sinki, nasafisha flaski kwa PBS, maji ya chumvi ya kuoshea seli, nakwangua seli zilizobaki chini, nafanya westani bloti, yaani natenganisha protini kwenye jeli, nazihamishia kwenye membreni na kuzisaka kwa kingamwili, hakuna kitu. Narudia, hakuna kitu. Nikadhani kingamwili imeharibika, nikaagiza nyingine na hela ya mradi yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Kumbe seli inayokufa inang'oka! Inaelea kwenye midia! Nilikuwa namwaga zile zile ninazozitafuta. Kusanyeni midia, zungusheni kwenye sentrifyuji, changanyeni na zile za chini, ndo mzipasue.

Halafu kipande cha 17 ni kidogo, kwenye jeli laini kinakimbia na kutoka nje, tumieni ya asilimia 15, na membreni iwe ya matundu ya maikromita 0.2, ile ya 0.45 protini ndogo inapita na kwenda zake hasa mkihamisha kwa muda mrefu. Mengine mnayajua, kubloku, yaani kuziba nafasi tupu za membreni, kwa maziwa ya unga asilimia 5, kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye nyuzi 4, mnaosha, kingamwili ya pili inayoshika ile ya kwanza, mnapiga picha.

Hapa sasa ndo nataka mnisikilize vizuri. Kingamwili inaweza kushika kitu kingine kabisa na bendi ikatoka nzuri, imekaa sehemu unayoitaka. Namna ya kujua ni kuweka seli ambayo hiyo protini haipo kabisa, na kwa bahati seli hiyo wengi wenu mnayo kwenye friza, inaitwa MCF-7, ya saratani ya matiti. Mwaka 1998 ilichapishwa kwamba jeni yake ya kaspesi-3 imepungukiwa jozi 47 za besi kwenye eksoni ya tatu, yaani kipande cha tatu cha jeni kinachobeba maelekezo ya protini, kwa hiyo haitengenezi kaspesi-3 hata kidogo. Pakia MCF-7 pembeni ya HeLa au Jurkat, seli nyingine za saratani ambazo kaspesi-3 wanayo, zote zipewe staurosporini, dawa ya kuamsha apoptosisi, ili zife. Jurkat ikatoa bendi ya 17 na MCF-7 ikawa tupu hapo, mimi nitakuamini. Zote mbili zikitoa, hiyo kingamwili inakudanganya, iwe imetoka kampuni gani. Na inaniuma kuona mtu anatumia MCF-7 kama seli yake kuu halafu anaripoti kaspesi-3 imepanda, sijui alikuwa anaona nini.

Swali hapo nyuma? Ndiyo dada, anauliza kama PARP inatosha badala yake. PARP ni protini ya kilodaltoni 116, mkasi ukiikata unaona 89, ni nzuri, ipigeni pia, lakini kaspesi-7 nayo inaikata, kwa hiyo hata MCF-7 ikifa unaweza kuiona 89. Inakwambia kuna kaspesi inafanya kazi, haikwambii ni ya 3.

Na huyu kaka anauliza kuhusu umeme kukatika. Hiyo kweli inatuumiza. Kingamwili ikifika tu igaweni kwenye vitubu vidogo siku hiyo hiyo kama karatasi yake inaruhusu kugandishwa, kila kitubu kigande mara moja na kuyeyuka mara moja, nyingine zina gliserini zinataka nyuzi chini ya sifuri 20 bila kuganda, hizo msizipeleke kwenye friza ya 80. Andikeni tarehe juu ya kitubu. Na umeme ukikatika usiku mzima, kabla ya kutumia sampuli yenu ya thamani pigeni kwanza bloti moja ya Jurkat na MCF-7, nusu jeli inatosha.