Mashavu Yamejaa, Urefu Je?

Mbukwenyi! Asanteni kwa kuja. Najua palizi imewabana, na mvua ya kwetu haimsubiri mtu.

Nimeombwa nizungumzie ukuaji wa binadamu tangu utotoni hadi uzeeni. Nitakaa zaidi kwa mtoto mchanga, maana huko ndiko tunakopoteza.

Kina mama wakitoka kliniki huulizana kilo: "Wako kafikisha ngapi?" Sentimita sijasikia wakiulizana. Kilo ni muhimu, sikatai; aliyezaliwa na kilo 3, akitimiza mwaka tunategemea awe na kama 9. Lakini kilo hupanda na kushuka. Akiharisha siku chache zinapungua, akipona zinarudi. Urefu hauna huruma hiyo. Mwaka wa kwanza mtoto hurefuka kama sentimita 25, na tangu azaliwe hadi azeeke hatapata tena mwaka kama huo. Ukimpita akiwa na njaa iliyojificha, anadumaa, na anaweza kudumaa huku mashavu yamejaa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Ubongo nao una haraka: kufikia miaka 2 umeshafika takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Miezi 6 ya kwanza ni ziwa la mama tu, hata maji hapana. Bibi, nakuona unatikisa kichwa! Joto la Dodoma nalijua, ila maziwa hayo sehemu kubwa ni maji. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakwisha, na sisi ndipo tunamletea uji wa uwele unaotiririka kwenye kijiko. Tumbo lenyewe dogo, linajaa maji. Koroga mzito, ukae kwenye kijiko usimwagike. Tia karanga zilizosagwa, au mafuta kidogo ya alizeti, si tunalima wenyewe? Na mayai yasiishie yote mnadani.

Balehe huleta kasi ya pili. Wasichana hutangulia, wavulana hufuata kama miaka 2 baadaye. Ndiyo maana darasa la sita unakuta binti kampita kaka wa rika lake kwa kichwa kizima. Wakila sana msiwaite walafi. Binti akishika mimba umri huo, mwili wake bado unajijenga, na yeye na kichanga wanagombea chakula kilekile.

Utu uzima nitaupitia haraka. Mifupa huwa imara kabisa kuelekea miaka 30, kisha hupungua taratibu. Kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi hedhi ikishakoma, mara nyingi karibu na miaka 50. Babu akisema zamani alikuwa mrefu kuliko hivi, haongopi.

Haya, ubao wa kupimia urefu uko pale kivulini. Wa chini ya miaka 2 tunawapima wamelazwa, viatu na kofia vivuliwe. Kadi za kliniki mkononi, tafadhali, na bibi aanze yeye na swali lake.