Joey na Chandler: Rafiki Anapohama

Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kuona ukumbi umejaa. Leo nawaletea habari ya vijana wawili na meza moja.

Friends, tamthilia ya vichekesho kuhusu marafiki sita wa New York, ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC huko Marekani Septemba 1994, ikaisha Mei 2004, misimu 10. Wengi hukumbuka mapenzi ya Ross na Rachel. Moyo wangu mimi uko mlango wa pili, kwa Joey Tribbiani na Chandler Bing, wanaoishi nyumba moja. Msimu wa kwanza meza yao ya kulia chakula inavunjika. Wanaenda kutafuta nyingine, wanarudi na meza ya mpira, ile ya wachezaji wa kuzungushwa kwa vyuma. Watakula wapi? Hawajali.

Lakini Joey ni mwigizaji asiye na kazi ya uhakika, na Chandler ana mshahara. Kwa hiyo analipa Chandler. Mwaka 1996 Joey, akiwa na pesa hatimaye, anahama. Anaaga, anatoka, mlango unafungwa. Mara anarudi, anamkumbatia mwenzake bila neno, anaondoka tena. Baadaye alirudi kuishi na Chandler.

Kisha Chandler anambusu Kathy, mpenzi wa Joey. Adhabu yake ni kukaa Sikukuu ya Shukrani ndani ya sanduku la mbao, marufuku kusema. Kathy anapokuja kumuaga Chandler, Joey ndiye anayemfungulia rafiki yake na kumwambia amkimbilie Kathy. Watu hulicheka lile sanduku. Mimi hapo hunyamaza, maana aliyekosewa ndiye anayefungua.

Sasa naomba tutulie kwenye msimu wa sita, 1999. Safari hii anayehama ni Chandler, anaenda kuishi na mpenzi wake Monica, mmoja wa wale marafiki sita. Anajua kodi itamshinda Joey. Anampa pesa, Joey anakataa. Basi Chandler anazua mchezo wa karata papo hapo, anauita Cups, na kanuni anazitunga huku wanacheza: karata yoyote atakayoshika Joey, ameshinda! Joey anaondoka na pesa mkononi na heshima yake haijaguswa. Sisi waswahili tendo hilo tunalijua kwa jina: amemsitiri. Zamani Chandler alilipa bila kuwaza na Joey akapokea bila kuwaza. Sasa anajua aibu ya rafiki yake imelala wapi, anapita kwa kunyata asiikanyage. Kwamba Joey alikwenda kumfundisha Ross mchezo huohuo akazipoteza zote, hilo halipunguzi kitu.

Miaka miwili baadaye Joey ndiye anayewafungisha ndoa Chandler na Monica.

Na ile meza? Kwenye kipindi cha mwisho kifaranga na bata, zawadi ya Joey kwa nyumba mpya wanayohamia Chandler na Monica, wananasa ndani yake. Lazima ivunjwe. Joey na Chandler hawawezi, mikono inakataa, anaivunja Monica. Baadaye marafiki hao wawili wanaulizana waagane vipi, wakumbatiane au wapeane mkono wa kiume. Wanachagua mkono. Wanashikana, na hapohapo wanakumbatiana.