Wimbo wa Krismasi Mwezi wa Aprili

ZUHURA: Karibuni tena. Leo kaka Festo kaja na helikopta.

FESTO: Na redio yake. Bila redio sina hadithi.

ZUHURA: Helikopta ipi hiyo?

FESTO: Huey, ya vita vya Vietnam. Marubani wawili mbele, fundi na mpiga bunduki nyuma, milango wazi. Marubani wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo. Wamefundishwa Texas, wakamalizia Alabama, haya, vitani.

ZUHURA: Ishirini! Kwetu umri huo unakabidhiwa bodaboda, tena kwa masharti.

FESTO: (anacheka) Sasa sikiliza. Ndani ya helmeti rubani anasikia redio kadhaa kwa mpigo: askari walio chini, helikopta nyingine, na wenzake wa humohumo ndani. Halafu kuna kifaa cha kutafutia mwelekeo. Unakitega kwenye mawimbi ya kituo fulani, mshale unakuonyesha kituo kilipo. Na jeshi la Marekani lilikuwa na redio yake kulekule Vietnam, AFVN, inarusha muziki kwa AM...

ZUHURA: Usiniambie.

FESTO: Kifaa kinashika AM! Mshale unakuonyesha mtambo wa redio uko wapi, na masikioni unapigiwa roki na soul.

ZUHURA: Dira inayoimba! Sasa askari anayeomba msaada anasikikaje, na gitaa linalia?

FESTO: Kila redio ina swichi yake. Mkikaribia kutua kwenye risasi, mwenye akili anazima muziki. Lakini dakika tano nyuma alikuwa anatikisa kichwa, na dakika tano mbele ana majeruhi sakafuni. Mimi nadhani ndiyo maana wazee wale wakisikia wimbo wa zamani hawakumbuki dansi.

ZUHURA: Na mkulima wa Kivietnam aliye shambani kwenye mpunga? Yeye huo muziki hausikii.

FESTO: Anasikia mapanga yanayozunguka juu tu. Huey ina mapanga mawili, mapana, inapiga pu-pu-pu unayoisikia kabla hujaiona.

ZUHURA: Hilo tusilisahau. Haya, endelea.

FESTO: Tarehe 14 Novemba 1965, bonde la Ia Drang, uwanja wa kutua walioupa jina X-Ray. Risasi zilizidi mpaka uwanja ukafungwa kwa helikopta za kubebea majeruhi. Marubani Bruce Crandall na Ed Freeman wakaingia hivyohivyo, na helikopta zao hazina silaha. Wanapeleka risasi na maji, wanarudi na majeruhi. Crandall safari 22, Freeman 14. Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi Marekani, Freeman kaipata 2001, Crandall 2007.

ZUHURA: Miaka arobaini na ushee! Jamani.

FESTO: Sasa njoo mwisho wa vita. Wamarekani walipanga ishara ya kuondoka Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini waliyokuwa wakiisaidia: redio itangaze kwamba joto limefika nyuzi 105 za Fahrenheit na linazidi kupanda, kisha upigwe wimbo wa Krismasi, "White Christmas".

ZUHURA: Mwezi wa ngapi?

FESTO: Wa nne! Jua la kupasua kichwa, redio inaimba theluji. Wapo waliokuwa mjini siku ile, tarehe 29 Aprili 1975, wanaosema hawakuusikia. Ila helikopta walizisikia. Mpaka alfajiri ya pili zilikuwa zimebeba watu zaidi ya 7,000 kwenda kwenye meli.

ZUHURA: Na marubani wa Vietnam Kusini?

FESTO: Walipakia familia zao wakakimbilia baharini. Sitaha zikajaa, mabaharia wakawa wanasukuma Huey nzimanzima majini. Mmoja, Ba Van Nguyen, alikuja na Chinook, helikopta kubwa yenye mapanga mbele na nyuma, haitoshi kabisa kutua kwenye meli ile, USS Kirk. Akaisimamisha hewani juu ya sitaha, watu wakaruka mmoja mmoja, na mtoto mchanga akadakwa chini.

ZUHURA: Mama yangu!

FESTO: Walipoisha akaisogeza pembeni, juu ya maji. Akavua ovaroli ya kurukia huku bado anairusha, kisha akajitupa upande mmoja na Chinook ikaangukia upande wa pili.

ZUHURA: Kavua ovaroli kwa mikono mingapi?

FESTO: Miwili, kama yako. Wakamwopoa mzima.

ZUHURA: Na redio?

FESTO: Ikazama na bati lake.